Kupima usemi wa mtu mzima baada ya kiharusi au jeraha la ubongo: mwongozo kamili wa hatua kwa hatua

Nilimwamkia mzee mmoja aliyelazwa siku ya nne baada ya kiharusi: "Shikamoo mzee." Akajibu palepale, "Marahaba," kila herufi mahali pake. Nikamwomba, "Mzee, hebu lirudie hilo neno: marahaba." Midomo ikafunguka, ikafumba, ulimi ukahangaika kutafuta pa kukaa, ikatoka "ba… mapa… pahaba." Akatikisa kichwa kwa hasira maana alijua amekosea. Binti yake aliyekaa pembeni akaninong'oneza, "Daktari alisema ubongo umeguswa. Ndiyo akili imeondoka?"

Akili ilikuwepo yote. Kilichoharibika ni ile kazi ya ubongo ya kupanga miendo ya mdomo pale mtu anapotaka kutamka kwa kukusudia. Jibu la salamu lilipita kwa sababu amelitoa maelfu ya mara tangu apate wajukuu, halihitaji kupangwa. Kwa maneno mawili tu ya salamu nilikuwa nimeshapata nusu ya jibu.

Nimeandika mwongozo huu kwa wauguzi, matabibu, wafiziotherapia na wataalamu wachanga wa tiba ya usemi wanaokutana na wagonjwa wa namna hii kila wiki bila vifaa vya maana. Vifaa vyenyewe si vingi: simu yenye saa ya kuhesabu sekunde na kinasa sauti, tochi, glavu, kijiti cha kukandamizia ulimi, kioo kidogo, chupa ya maji yenye mdomo mpana, mrija wa soda na rula. Ukivikosa vyote, bado una masikio.

Onyo kabla ya yote. Kama usemi umeharibika leo, ghafla, hapo hakuna kupima usemi. Huyo anapelekwa hospitali sasa hivi. Pale inapopatikana dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze.

Mambo matatu ya kutenganisha

Afasia ni tatizo la lugha. Mtu hapati neno, au halielewi akiambiwa, na akiandika makosa ni yaleyale. Katika apraksia ya usemi neno analo, ila mpango wa kulitamka umevurugika ingawa misuli ina nguvu. Disathria iko kwenye misuli yenyewe: ni dhaifu, imekaza, inayumba, haina kasi au inajiendea yenyewe. Mgonjwa anaweza kuwa na mawili kwa pamoja. Apraksia hasa hutembea na afasia, kwa kuwa kwa watu wengi zote hutokana na madhara ya upande wa kushoto wa ubongo.

Kazi yako ni kujibu maswali haya: ni lipi kati ya hayo, liko kwa ukubwa gani, sehemu gani ya mfumo wa usemi imeguswa zaidi, na maisha yake yamezuiwaje.

Hatua ya 1: Uliza kabla ya kugusa

Kaa usawa wa macho yake. Muulize mwenyewe kwanza, hata kama anajibu kwa shida, kisha ndugu. Tatizo lilianza lini, ghafla au polepole? Linaongezeka au linapungua? Jioni ni baya kuliko asubuhi? Hilo la jioni lina uzito wake, nitalirudia. Anapaliwa akinywa maji? Sauti inakuwa kama ina maji baada ya kula? Kama jibu ni ndiyo, mpe taarifa daktari na usimpe chochote mdomoni mpaka umezaji upimwe, kwa sababu misuli ya kusema na ya kumeza ni ileile.

Uliza anatumia dawa gani na saa ngapi alikunywa. Mgonjwa wa Parkinson (ugonjwa wa ubongo unaopunguza kasi ya miendo na kukakamaza mwili) aliyepimwa saa moja baada ya kunywa dawa yake ya levodopa na yuleyule aliyepimwa dawa ikiwa imeisha nguvu wanaweza kusikika kama watu wawili. Andika saa.

Uliza usemi wake wa zamani. Hapa ndipo vipimo vilivyotafsiriwa kutoka Kiingereza hutupotosha. Aliyekulia bara akasema "samani" kwa "thamani" au "zambi" kwa "dhambi" hajaumwa. Anayebadilishana r na l kwa sababu lugha yake ya kwanza haizitenganishi, hajaumwa. Muulize mkewe au kaka yake: "Zamani alikuwa anasema hivi hivi?" Jibu hilo huwezi kulipata penginepo.

Na angalia meno. Mwaka wangu wa kwanza kazini niliandika kwamba bibi mmoja ana midomo dhaifu, sauti za s na f hazitoki. Meno yake ya bandia yalikuwa kwenye mkoba wa binti yake. Bibi wa watu alifanyishwa mazoezi ya midomo wiki nzima asiyoyahitaji, na bado hilo linaniuma. Meno, miwani na kifaa cha kusikia viwe mahali pake kabla hujaanza.

Hatua ya 2: Mpe nafasi ya kuongea, nawe urekodi

Omba ruhusa ya kurekodi. Zima feni, weka simu mezani sentimita 30 kutoka mdomoni, na umbali huo usibadilike siku zote utakazompima. Mwache aongee dakika mbili: alivyokuwa akifanya kazi yake, jinsi pilau inavyopikwa kwao, siku alipougua. Usimkatize wala usimmalizie maneno. Halafu asome aya fupi kama anajua kusoma. Tunga aya yako mwenyewe ya Kiswahili yenye sauti zote, zikiwemo ng', ny, mb na nd, uitumie hiyohiyo kwa wagonjwa wote.

Ukisikiliza, jiulize mambo matano: pumzi inatosha sentensi? Sauti ikoje, imekwaruza, imekabwa, au inavuja hewa? Hewa inapita puani pasipostahili? Herufi zinatoka safi? Na mkondo wa usemi, yaani kasi, mkazo na kiimbo, ukoje?

Hatua ya 3: Chunguza uso, mdomo na ulimi

Anza mtu akiwa ametulia. Uso umelala upande mmoja? Mate yanamtoka? Kuna kitu kinachezacheza bila yeye kutaka?

Mwambie akunje paji la uso, kisha atabasamu akionyesha meno. Mdomo ukivutwa upande mmoja huku paji likikunjika sawa pande zote, madhara yako juu, ndani ya ubongo, ndivyo ilivyo kwenye kiharusi cha kawaida. Paji nalo likilala upande huohuo, fikiria neva ya 7 yenyewe, inayoendesha misuli ya uso. Ajaze mashavu hewa, nawe uyabonyeze kidogo: hewa inatoroka wapi? Aume meno, ushike misuli ya taya pande zote mbili.

Ulimi uangalie kwanza ukiwa umelala ndani ya mdomo, kwa tochi. Ukiona umesinyaa na nyama yake inachezacheza kama minyoo chini ya ngozi, hiyo ni dalili ya neva za chini, yaani zile zinazofika kwenye misuli yenyewe, na ikiwa pande zote mbili, daktari wa neva aijue upesi. Usiangalie hilo ulimi ukiwa umetolewa nje, kwani hata ulimi wa mtu mzima wa afya hutetemeka ukinyooshwa. Baada ya hapo autoe: neva ya 12, inayoendesha ulimi, ikiwa imeumia, ulimi hukimbilia upande dhaifu. Ausukume shavuni kutoka ndani nawe uzuie kwa kidole kutoka nje.

Aseme "aaa" huku ukimulika kooni. Kaakaa laini, ile sehemu ya nyuma ya paa la mdomo, linapanda sawa? Likiwa dhaifu upande mmoja, kilimi huvutwa kuelekea upande wenye nguvu, kinyume cha ulimi. Hapa wengi huchanganya.

Mwambie akohoe. Kikohozi chenye mlio mkali maana yake nyuzi za sauti zinafunga. Kikohozi kilegevu kinachotoa hewa tu kinakuambia hazifungi, au pumzi haitoshi, au vyote viwili.

Hatua ya 4: Majaribio ya pumzi na sauti

Chukua chupa ya maji, uzamishe mrija sentimita 5 chini ya uso wa maji, upime kwa rula. Apulize mapovu polepole kwa sekunde 5 bila kukatika. Akiweza, pumzi yake inatosha kwa mahitaji mengi ya kuongea. Simama karibu na umkumbushe kupuliza tu, asivute, hasa kama anapaliwa.

Kisha avute pumzi ndefu aseme "aaa" mpaka iishe. Rudia mara tatu, chukua iliyo ndefu kuliko zote. Mtu mzima wa afya mara nyingi huvuka sekunde 15, wazee hupungua. Chini ya 10, tafuta sababu. Avute "sss" kwa urefu wote, halafu "zzz". Kwa kawaida zinakaribiana. "sss" ikienda sekunde 18 na "zzz" ikaishia 9, uwiano ni 2, ukizidi 1.4 shaka huangukia nyuzi za sauti. Zote zikiwa fupi sawasawa, rudi kwenye pumzi.

Kwa kaakaa, Kiswahili kimetupa njia rahisi. Arudie sentensi isiyo na sauti yoyote ya puani: "Kaka alipika chapati safi." Weka kioo chini ya pua. Kikipata ukungu, hewa inavuja. Mbane pua arudie: sauti ikibadilika, umethibitisha. Halafu sentensi iliyojaa sauti za puani: "Mama amemnunulia mwana nanasi." Hiyo lazima ibadilike pua ikibanwa, isipobadilika huenda ana mafua tu.

Hatua ya 5: Kasi na mpangilio wa miendo

Muombe arudie "pa-pa-pa" haraka na kwa usawa kadiri awezavyo, sekunde 5, kisha "ta-ta-ta", kisha "ka-ka-ka". Hesabu kutoka kwenye rekodi, usihesabu huku anasema. Mtu mzima wa afya hutoa silabi 5 hadi 7 kwa sekunde, "ka" ikiwa nyuma kidogo. Lakini idadi pekee haitoshi. Sikiliza umbo: polepole lakini sawasawa ni jambo moja, kupanda na kushuka kama gari lenye gia mbovu ni jingine, na kuanza vizuri kisha kuharakisha mpaka silabi zinayeyuka ni jingine kabisa.

Baada ya hapo unganisha: midomo, ncha ya ulimi, nyuma ya ulimi. Wengi hutumia "pataka", ila wazee wengi hukataa kutamka neno lisilo na maana, wanaona wanafanywa watoto. Mimi hutumia "patika". Ni neno la kweli na linapita palepale: pa-ti-ka, pa-ti-ka. Mwenye disathria atalitoa vibaya kwa namna ileile kila mara. Mwenye apraksia anaweza kufanya "pa-pa-pa" vizuri tu, akifika "patika" akakwama, akabadilisha mpangilio, akaanza upya.

Hatua ya 6: Kutafuta apraksia

Hapa nakaa zaidi kwa sababu ndiko watu wengi huandikiwa jina lisilo lao.

Anza na yanayojiendea yenyewe: salamu, kuhesabu 1 hadi 10, siku za wiki kuanzia Jumamosi, Alhamdu au Baba Yetu kulingana na dini yake. Kisha chukua maneno yaleyale umwombe ayarudie moja moja. Tofauti kubwa kati ya hizo mbili ni alama nzito ya apraksia. Misuli dhaifu haitofautishi sala na neno la kawaida, hukosea kote.

Halafu refusha neno. Kiswahili kinarefusha kitenzi bila kubadilisha mzizi wake, na sijaona kipimo kizuri kuliko hiki:

pika, pikia, pikiana, tulipikiana, hatukupikiana

Kila neno alirudie mara tatu. Andika unachosikia, si kile alichokusudia. Katika apraksia makosa huongezeka urefu unapoongezeka, silabi huachana kama mtu anayevuka mto kwa kuruka mawe, na mara tatu za neno moja huweza kutoa makosa matatu tofauti. Utaona pia mdomo ukitafuta: midomo inajiweka, inajiondoa, inajiweka upya kabla sauti haijatoka. Mtu husikia kosa lake mwenyewe na kujaribu kulirekebisha.

Kuitenganisha na afasia, mpe maagizo yasiyohitaji kusema: "Fumba macho, kisha gusa sikio la kushoto." Mwonyeshe kalamu, kijiko na ufunguo, akuonyeshe unachotaja. Anayejua kuandika aandike majina yake. Akifanya yote hayo vizuri na bado usemi umevunjika, lugha yake imesalimika.

Hatua ya 7: Mkazo na kiimbo

Mwambie aseme "barabara hii ni mbaya," halafu aseme "barabara!" kwa maana ya sawasawa. Mkazo unahama kutoka silabi ya pili toka mwisho kwenda ya tatu toka mwisho, na msikilizaji wa Kiswahili huusikia mara moja. Ambaye serebela yake, ule ubongo mdogo wa nyuma, imeumia mara nyingi hukandamiza kila silabi kwa nguvu sawa, na maneno mawili yanakuwa moja.

Kisha "Amekuja." na "Amekuja?" Kwetu swali la namna hiyo hubebwa na kiimbo peke yake. Mama mmoja ambaye mumewe ana Parkinson aliniambia kwa machozi kwamba siku hizi wanagombana bure, kwa kuwa hajui mumewe akisema "umekula" anauliza au anamlaumu. Niliandika maneno yake yote kwenye faili. Hayo ndiyo matokeo ya kipimo kuliko sekunde zozote.

Hatua ya 8: Kuchosha usemi

Kama alisema jioni huwa baya, mwache ahesabu kwa sauti kuanzia 1 bila kupumzika, dakika 2 hadi 4. Sauti ikianza safi, ikawa ya puani na kulegea karibu na 80, kisha ikarudi baada ya kupumzika dakika chache, mwandikie daktari siku hiyohiyo kwamba unashuku miasthenia gravis, ugonjwa wa misuli kuchoka upesi ikitumika. Ugonjwa huo una dawa, na unaweza kufika kwenye misuli ya kupumua. Uchovu wa kawaida haufanyi hivyo.

Hatua ya 9: Anaeleweka kiasi gani?

Andika maneno 50 yanayokaribiana: pata na bata, taka na daka, faa na vaa, saba na shaba, kula na kura, buni na mbuni, noa na ng'oa. Yachanganye, ayasome au ayarudie, urekodi. Kisha mpe rekodi mtu asiyemjua mgonjwa wala orodha, kwa mfano muuguzi wa wodi nyingine, aandike anachosikia. Akipata 31 kati ya 50, ni asilimia 62. Usijipime wewe, maana umeshamzoea, wala mkewe, ambaye anamwelewa hata akinyamaza. Angalia pia yaliyokosewa yako kundi gani. Kama "mbuni" na "ng'oa" zinapita lakini "saba" na "pata" hazipiti, kaakaa ndilo la kwanza kushukiwa.

Muulize pia anapokwama: kumwambia konda "shusha", kuongea na wakala wa pesa, kuswalisha, kupiga simu. Mwenye asilimia 90 aliyekuwa mwadhini anaweza kuwa amepoteza zaidi ya mwenye asilimia 60 anayekaa nyumbani na wanawe.

Kuyasoma matokeo

Mwaka 1969 Darley, Aronson na Brown wa Mayo Clinic, Marekani, walisikiliza rekodi za wagonjwa 212 na kuzipima kwa vipengele 38 vya usemi. Waliona kwamba sehemu ya mfumo wa neva iliyoumia huacha alama yake kwenye sauti. Makundi tunayotumia hadi leo yametokana na kazi hiyo.

Sauti inayovuja hewa, usemi wa puani, misuli iliyolegea au kusinyaa: neva za chini au misuli. Sauti iliyokabwa kama mtu anayebeba mzigo, kasi ndogo, na pengine kicheko au kilio kinachomtoka bila kutaka: njia za juu, zinazoshuka kutoka kwenye ubongo, za pande zote mbili. Muelezee ndugu habari ya kilio hicho, wasidhani amekata tamaa. Usemi unaoyumba, silabi zikipishana kwa nguvu na urefu, au zote zikikandamizwa sawa: serebela. Huyu ndiye anayeitwa mlevi barabarani, na nimekutana na kijana wa ajali ya bodaboda aliyefukuzwa kibaruani kwa sababu hiyo bila kuonja pombe maishani. Sauti ndogo, bapa, inayoharakisha kwa vipindi: Parkinson. Sauti inayokatwa na miendo isiyotarajiwa: korea (miendo ya ghafla inayojiendea yenyewe) au distonia (misuli inayojikaza na kujipinda yenyewe). Misuli kulegea na kukaza kwa pamoja, ulimi ukichezacheza: fikiria ALS, ugonjwa unaoua hatua kwa hatua neva zinazoendesha misuli, na usiitaje mbele ya mgonjwa kabla daktari wa neva hajamwona.

Kiharusi cha upande mmoja mara nyingi huleta disathria nyepesi, herufi zisizo safi tu, ambayo kwa wengi hupungua katika wiki za mwanzo. Usiwatishe.

Kuandika

Ripoti isizidi ukurasa mmoja. Andika unachokiona kabla ya jina la ugonjwa, kwa mfano: "Pumzi inatosha. 'aaa' sekunde 14. Hewa haivuji puani. 'pa' 5 kwa sekunde, sawasawa. 'Patika' inavunjika jaribio la pili. Salamu na hesabu safi, kurudia kwa kuagizwa kuna makosa yanayobadilika. Anaelewa maagizo yote. Inaelekea ni apraksia ya usemi ya kiasi cha kati bila disathria." Weka tarehe, saa, dawa, na mahali simu ilipokaa.

Kabla hujaondoka, waambie ndugu mbele yake mambo ya kufanya usiku huohuo: wazime redio wakiongea naye, waulize swali moja kwa wakati, wampe muda wa kujibu, na wasijifanye wameelewa kama hawajaelewa.

Mpime tena baada ya wiki chache kwa maneno yaleyale. Mzee wa marahaba nilimrudia wiki ya sita. Nilipomwomba arudie lile neno mara tano, alilipata mara tatu. Kwenye faili niliandika: pika na pikia, sawa, pikiana, mara moja kati ya tatu, hatukupikiana, bado. Binti yake aliomba ile orodha akaibandika jikoni.